Namna ya Kulifikisha Wazo Jijini Ukiwa Bado Hai

Mahitaji: wazo moja, daftari, viatu vigumu, na umri. Hilo la mwisho ndilo litakalokusumbua. Habari za mabasi yaendayo haraka zilianza kuzungumzwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kleist Sykes akiwa Meya wa Jiji. Wakala wa kuyasimamia, DART, ukaundwa mwaka 2007. Abiria wa kwanza akapanda basi Mei 2016. Mtoto aliyezaliwa maneno yalipoanza alikuwa keshavaa sare ya sekondari siku hiyo. Na lile lilikuwa wazo lenye bahati: lilikuwa na Benki ya Dunia nyuma yake, wahandisi wa kulichora na wageni wa kulisifia. Lako, la mtaro wa nyuma ya shule, halina hao wote. Ndiyo maana nimeona nikuandikie mwongozo.

Siasa za jiji tumezoea kuzitazama kwenye sura za wagombea. Lakini kinachoamua mtaro upite wapi, dampo liwe kwa nani, na nani aondolewe kando ya barabara, mara nyingi ni wazo lililokuwa mezani siku ya kuamua, pamoja na njia lililopitia mpaka likafika hapo. Hayo mawili hujifunzwa. Aliyeyajua anaweza kulisogeza jiji hata kama hagombei chochote.

Anza na kero inayonuka

Nasema kunuka kwa maana yake kamili. Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka Tabata, karibu na nyumba za watu, na taka zile zilikuwa zikichomwa. Moshi, harufu, nzi. Wakazi walilalamika tunavyolalamika sote, na wakajibiwa tunavyojibiwa sote. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaliamuru Jiji liache kumwaga taka pale na litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji likaomba muda. Muda ulipokwisha likaomba mwingine, na ulipokwisha huo likarudi tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza. Alisema kuwavutisha watu moshi wa taka ni kuhatarisha uhai wao, na haki ya kuishi imeandikwa kwenye ibara ya 14 ya Katiba.

Ukiisoma kesi hiyo harakaharaka utaona watu wenye hasira waliompata jaji mwenye huruma. Isome polepole. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini utekelezaji wake mahakamani ukasimamishwa, hata hakuna aliyeweza kuzidai mbele ya jaji mpaka Machi 1988. Waliozipigania hawakuwa wakifikiria dampo la Tabata. Na watu wa Tabata walikuwa na kero yao tangu zamani, bila hoja ya kuibebea. Kero ilipokutana na wazo hilo, na mlango wa mahakama ukiwa ndio kwanza umefunguliwa, Jiji zima likashindwa na mtaa mmoja. Mmarekani John Kingdon, aliyechunguza jinsi mambo yanavyofika mezani kwa watunga sera wa Washington, alieleza jambo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1984: tatizo, jawabu na siasa hutembea kila kimoja kwa njia yake, na sera huzaliwa pale vinapokutana. Kwa hiyo wazo lako liandae mapema. Siku mlango utakapofunguka hutakuwa na nafasi ya kuanza kufikiri.

Halafu usishangilie mapema. Baada ya Tabata, Jiji lilipeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi zaidi ya 700 wa huko nao wakaenda mahakamani, mwaka uleule wa 1991, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, na kutoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi. Kila ushindi wa mtaa mmoja ulikuwa habari mbaya kwa mtaa mwingine ambao haukuwa na wakili. Siwalaumu watu wa Tabata hata kidogo; wao waliokoa mapafu ya watoto wao, na mimi ningefanya vilevile. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika swali hili, na usilifute: kinachoondoka kwangu kinakwenda kwa nani?

Kesi zile ziliacha alama kubwa kuliko hukumu zenyewe. Jiji lilibaki bila mahali rahisi pa kukimbilia, na mwaka 1992, mpango wa Dar es Salaam Endelevu ulipoanza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, taka ziliwekwa juu kabisa ya orodha ya kero. Mwaka 1994 uzoaji wa taka ukaanza kukabidhiwa kampuni binafsi, na baadaye vikundi vya wakazi vikaingia. Hoja ya kwamba taka ni suala la uhai wa mtu ilikuwa imeshaingia ofisini, na haikutoka tena.

Uliza shimo ni la nani

Kabla hujamkasirikia diwani kwa shimo la barabarani, uliza shimo ni la nani. Likiwa kwenye barabara kuu, ni la TANROADS. Likiwa kwenye barabara ya mtaani, ni la TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na ambao mkubwa wake si diwani wako. Kama limechimbwa na mafundi wa bomba, waulize DAWASA. Nauli ya basi linaloruka shimo hilo inapangwa na LATRA. Diwani, yule uliyesimama kwenye foleni kumpigia kura, anabaki na masoko, zahanati, shule za msingi, usafi na sheria ndogo. Ni mambo makubwa, nayaheshimu. Lakini hata huko mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais.

Inaniuma kuliandika hili, kwa sababu najua kampeni za udiwani zinavyopamba moto na watu wanavyoweka matumaini yao humo. Ila mkazi asiyelijua hupoteza miaka akibisha mlango usio wake. Na mlango wenyewe unaweza kuondolewa. Serikali za miji zilifutwa katika miaka ya 1970, zikarudishwa mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa mwaka 1996, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000, zilipoanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena kwa uamuzi wa Rais Magufuli, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Wazo lililokuwa limehifadhiwa kwenye kabati la ofisi moja tu lilizikwa na ofisi hiyo. La kwako liwe na nakala mtaani, kwenye kata, shuleni, msikitini na kanisani, kwa akina mama wa kikoba, kila mahali palipo na watu wanaokutana bila kusubiri tangazo la serikali.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi. Wengi wetu huukumbuka mtaro mvua za masika zinapoingia ndani, Machi na Aprili, wakati ambapo baraza la madiwani limekwisha pitisha makadirio na makabrasha yameshaelekea Dodoma. Aprili hadi Juni Bunge linakaa kwa ajili ya bajeti, na hapo hakuna wa kukufungulia kitabu upya kwa sababu ya uchochoro wenu. Kero ya masika iandikwe masika, lakini iombewe fedha wakati wa vuli. Oktoba na Novemba, wakati mtaro ni mkavu na hakuna anayeufikiria, ndipo wazo linapotakiwa kutoka kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, lifike kwa wataalamu wa halmashauri kabla hawajaanza kujumlisha.

Na pelekeni jambo moja. Upo utaratibu mzuri uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambamo wananchi hukaa wakaorodhesha vipaumbele vyao. Naupenda, kwa sababu unaanza kwa kumwuliza mkazi. Tatizo ni kwamba watu, kwa kuulizwa baada ya muda mrefu, huorodhesha kila kitu: zahanati, kisima, taa, daraja, uwanja wa mpira, kituo cha polisi. Kisha kutoka juu unashuka ukomo wa bajeti, na orodha ndefu hukatwa na mtu aliye mbali, kwa vigezo vyake. Mtaa uliokubaliana wenyewe juu ya jambo moja umemaliza kazi ya kukata kabla haijafanywa na mwingine. Makubaliano hayo ni magumu. Mama wa kisimani na kijana wa uwanjani hawataki kitu kimoja, na wakibishana hadi magharibi msiwafungie mkutano. Mabishano hayo ndiyo siasa ya jiji yenyewe, na ni heri yatokee kwenye benchi za mtaa kuliko kwenye meza isiyo na mmoja wao.

Wazo la mbali liulize kwao

Mji wetu umejengwa sana na mawazo yaliyokuja na ndege. Mpango mji wa mwaka 1949 ulichorwa na kampuni ya Waingereza, wa 1968 na wa 1979 ikachorwa na kampuni za Kanada. Hakuna ubaya kujifunza. Ubaya ni kulipokea wazo bila kuliuliza lilikuwa likiishi na nani huko lilikotoka.

Chukua mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka. Kule Curitiba, Brazili, njia ya basi peke yake ilianza kutumika mwaka 1974. Aliyeisimamia ni Jaime Lerner, msanifu majengo aliyeteuliwa kuwa meya wakati wa utawala wa kijeshi. Hakuhitaji kura ya mwenye basi wala ya dereva. Bogotá, Kolombia, wakaichukua na kuikuza, na TransMilenio ikaanza Desemba 2000, mwishoni mwa umeya wa Enrique Peñalosa. Ilipotufikia sisi ilikuwa imeshakuwa jawabu kamili, lenye picha nzuri na hesabu zilizokamilika.

Silipingi wazo hili. Yeyote anayekumbuka kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi, watu wazima wakiingia daladala kwa dirishani, hawezi kulipinga. Kilometa 21 za kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, zilirudisha heshima fulani kwa abiria wa mji huu. Lakini barabara ile ilikuwa na wenyewe. Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983 baada ya UDA, shirika la mabasi la mji, kuzidiwa na abiria, na juu yake umejengwa uchumi mzima: mwenye gari anayetaka hesabu yake kila jioni, dereva na kondakta wanaoishi kwa kinachobaki baada ya hesabu, wengi wao bila mkataba wa maandishi. Wenye magari walikuwa na chama na waliweza kukaa mezani. Dereva na kondakta, ambao ndio waliopoteza kazi ya kila siku, sauti yao ilisikika kidogo sana. Michoro kutoka ng'ambo haikuwa na mahali pa kumwandika kondakta.

Nauli nayo. Kabla huduma haijaanza, mwendeshaji alitaka kiwango cha juu, na serikali ikaweka shilingi 650 kwa njia kuu. Nafurahi kwamba abiria alilindwa. Swali lililopaswa kujibiwa siku ileile ni nani atalipa tofauti, ili mabasi yanunuliwe na yatengenezwe. Lilipoachwa likielea, jibu tulilipata vituoni: foleni ndefu, mabasi machache, watu wamebanana tena. Ukiletewa wazo lolote la huduma ya jiji, liulize habari ya fedha za mwaka wa tano. Siku ya uzinduzi kila kitu kina rangi mpya.

Kisha kuna Jangwani, ambayo siwezi kuipita nikakaa kimya. Karakana ya mabasi ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikija, bonde hujaa, barabara hufungwa, na yapo mabasi yaliyoharibikia majini. Mwishoni mwa mwaka 2015, miezi michache kabla basi la kwanza halijaondoka, nyumba za wakazi wa bonde hilohilo zilikuwa zikibomolewa kwa sababu bonde ni hatari kwa binadamu. Serikali moja ilikuwa na mawazo mawili juu ya bonde moja, kila wazo kwenye ofisi yake, kila moja na mihuri yake, na hayakukutanishwa. Mama aliyekaa juu ya kifusi na masufuria yake alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini bonde lisilofaa nyumba yake linafaa mabasi. Mwaka 2018 ndipo wakazi, wahandisi, wataalamu wa mazingira na ofisi husika walipokalishwa pamoja kulipanga bonde zima la Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi huo. Kikao kile kingefanyika miaka kumi kabla, karakana isingekuwa pale. Kwa hiyo ukiona mradi mtaani kwako, tafuta ofisi nyingine yenye neno juu ya eneo hilohilo, uzipelekee ofisi zote mbili barua moja, kila moja ijue nyingine imeipata.

Upepo ukiwa wako, andikisha

Tazama kando ya barabara yoyote ya Kariakoo. Mwaka 2006 serikali, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, iliagiza wamachinga waondolewe mijini. Wazo lililotawala lilikuwa mji safi. Likajengwa jengo la Machinga Complex pale Karume, na wafanyabiashara wengi wakalikwepa, kwa kuwa mteja anayewahi basi hapandi ghorofa kununua soksi. Desemba 2018 upepo ukageuka. Rais Magufuli akawagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, na ikasemwa wasisumbuliwe; wazo lilikuwa kumlinda mnyonge. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia, wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Sasa wazo lilikuwa mpangilio. Mama lishe ni yuleyule na sufuria ni lilelile. Kila wazo lina ukweli ndani yake: mtembea kwa miguu anahitaji njia, mwenye duka analipa kodi, na mwenye meza ana watoto.

Katika zamu zote tatu amri ilitoka juu, na kwenye uamuzi hakikuwepo kipimo cha jambo la msingi kabisa: mteja anapita wapi na saa ngapi. Aliyekuwa nacho ni mama lishe mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu nakuhimiza, ukiwa kwenye miaka ambayo upepo unakuvumia vizuri, usistarehe. Tamko likikupendelea, kimbia kulifanya sheria ndogo ya halmashauri, yenye mipaka iliyochorwa, mita zilizotajwa na saa za biashara. Tamko huondoka na aliyelitoa. Sheria ndogo anayetaka kuifuta lazima aitishe baraza, na mpaka hapo umepata muda wa kukusanya watu.

Na unapokwenda, nenda na ramani. Tandale ilichorwa mwaka 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi, uchochoro kwa uchochoro, mahali ambapo ramani rasmi zilionyesha kidogo mno. Kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa kwa jina la Ramani Huria kwenye kata zinazopata mafuriko: mitaro, makalavati, nyumba, maji yanapotuama. Vijana wa mtaani walijifunza kutumia simu kupima upana wa mtaro na kina cha maji ya mwaka uliopita kwa kumwuliza bibi wa nyumba yalifika wapi ukutani. Napenda sana jambo hili. Bibi huyo hajawahi kualikwa kwenye warsha yoyote ya mipango miji, lakini kumbukumbu yake sasa imo kwenye takwimu ambazo mhandisi anazifungua kazini.

Makaratasi ya mwisho

Barua iende na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila hiyo, hata ukiambiwa mwenye muhuri katoka kula. Wazo liingie kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, kwa maneno yenu, na muhtasari usomwe mbele yenu kikao kinachofuata. Mwenyekiti anaweza kuwa mtu mwema sana na bado asiwepo kesho: uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, na kwa utaratibu wa miaka mitano unaofuata ni 2029. Kilichokaa kichwani mwake kitaondoka naye.

Bajeti ikishapitishwa, ulizeni kasma. Msiridhike na kuambiwa mradi umo kwenye mpango. Ombeni kuonyeshwa namba ya fungu, kiasi kilichotengwa, na robo ya mwaka ambayo fedha zinategemewa. Iandikeni ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kwa kalamu nene, mahali anapopita kila anayefuata barua ya utambulisho. Mkiambiwa fedha hazijafika, shukuruni, andikeni tarehe ya jibu na jina na cheo cha aliyelitoa, na robo inayofuata mrudi mkiwa wengi zaidi, na mama wa kisimani akiwa msemaji.